Kamba Mguuni

Mama alishuka kwenye basi pale stendi ya Mbeya akiwa na begi dogo na tenga kubwa. Kwenye begi mlikuwa na nguo zake chache, rozari na picha ya marehemu baba. Kwenye tenga mlikuwa na kuku watatu aliokataa kuwaacha kijijini Kalenga: mmoja mweusi, mmoja wa madoadoa, na kishingo, yule asiyeota manyoya shingoni, ambaye hata mle ndani ya tenga alikuwa amewakalia wenzake. Kila mmoja alikuwa na kamba mguuni, kipande cha kanga kuukuu nyekundu kilichochanwa na kusokotwa. Mimi ni fundi cherehani, nyumba yangu imejaa vitambaa, nikamwambia angenipigia simu ningemtafutia kamba za maana.

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," akanijibu, akaanza kutafuta mtu wa kumsaidia kubeba tenga. Nikacheka. Kwa kawaida maneno hayo tunamsemea mtu, na hapa walikuwa kuku kweli.

Baba alikuwa amezikwa wiki chache kabla. Mimi na mdogo wangu anayeishi Iringa mjini tulikubaliana kwamba mama hawezi kukaa peke yake kule Kalenga. Kwa mdogo wangu kuna vyumba viwili vya kupanga na kichanga, kwangu kuna uwanja, kwa hiyo akaja kwangu. Tulimwambia ni kwa muda tu, baridi ikipita atarudi. Mtu anatolewa kwenye baridi ya Iringa kuletwa kwenye baridi ya Mbeya, halafu anaambiwa angoje baridi ipite! Lakini ukitaka kumhamisha mzee unamwambia ni kwa muda, hilo watoto wa siku hizi wote tunalijua. Ninapoandika haya bado nina hasira, na sijui nimkasirikie nani.

Mama alikubali bila ubishi, na hilo lingetosha kunishtua. Kila asubuhi nilisikia mlango wa nyuma ukifunguliwa kabla sijachemsha chai. Ni mama anakwenda kuwafungulia kuku wake. "Kamwene," aliwasalimia kwa Kihehe, "kamwene," huku anawamwagia pumba na makoko ya ugali, kisha anaketi kwenye kigoda na kuwaangalia mpaka jua liwe kali. Hicho ndicho kilichomtoa kitandani, wala hakukuwa na kingine. Kwenye sala za jumuiya alikwenda kwa sababu akina mama wa jirani walimpitia. Runinga aliipa mgongo.

Baridi ilipopita tulimwambia angoje na mvua zipite, barabara ikauke. Nilimpa matuta ya nyuma ya nyumba, udongo mweusi ambao ukiuchomeka mpini wa jembe unaweza kuchipua, nikamletea na mbegu za maharage. Akazichezea kiganjani, akazirudisha kwenye mfuko.

"Yatakomaa mimi sipo," akasema.

Mwanamke aliyelima tangu utoto wake aliona mvua za kwanza zinanyesha na hakuinua jembe. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, wanasema. Mimi mgeni wangu nilimpa jembe akalikataa.

Masika hayohayo nyumba ya Kalenga ikaanguka. Ilikuwa ya matofali mabichi, na baba ndiye aliyekuwa akiikandika kila mwaka kwa mikono yake. Ukuta wa jikoni ulitangulia, kisha wa chumbani. Mdogo wangu akaenda akaezua mabati kabla wezi hawajamtangulia, akayapeleka mjini, akanitumia picha kwenye simu. Niliipokea nikiwa kwenye cherehani. Palikuwa ni tope tupu, na katikati ya tope mafiga matatu ya mama yananyeshewa, moja limelala ubavu. Nikaifuta ile picha, nikampigia.

"Tumwambie?" akaniuliza.

"Mwambie wewe."

"Dada, wewe ndiye uko naye."

"Na wewe ndiye uliyeezua."

Tukaishia hapo. Mama alikuwa uani anawasemesha kuku, akanipungia mkono dirishani. Nikampungia na mimi.

Mvua zilipokatika akaanza kuulizia barabara. Imekauka? Mabasi ya Iringa yanaondoka saa ngapi siku hizi? Nikawa namjibu nusu nusu. Ndipo nikapata wazo, na nililiona la akili sana. Mtu mwenye vifaranga hafungi safari. Nikimletea vifaranga atawalea, watakua, watataga, na siku moja atageuka nyuma aone kwamba amekwisha kukaa. Nikaenda soko la Mwanjelwa, nikarudi na boksi la vifaranga chotara, wale wa mashine, ambao tangu watoke kwenye yai hawajawahi kumwona kuku mkubwa hata mmoja.

Niliwaweka ndani, karibu na cherehani, na katikati yao chungu chenye makaa yaliyofunikwa jivu, maana baridi ya huku inaua kifaranga kwa asubuhi moja. Siku ya kwanza mama alipita pembeni kama hawaoni. Siku iliyofuata akaingiza mkono kwenye boksi kupima joto. Baada ya hapo hakutoka pale. Huyu anasinzia mno, huyu ana kinyesi kimemgandia nyuma, leta maji ya vuguvugu. Aliwasafisha mmoja mmoja kwa kitambaa, anawapulizia, anawanong'oneza. Nilimsikia anaimba, mama ambaye hakuimba tangu msiba! Nilifurahi mpaka nikashona suruali ya mteja miguu yote miwili upande mmoja. Kitu kimoja tu kilinikera. Kila alipowataja alisema "kuku wako". Kuku wako wana kiu. Kuku wako wameanza kuota manyoya ya mbawa.

Walipoota manyoya mwili mzima, boksi likawa dogo, ikabidi wahamie bandani kwa wale wakubwa. Tuligawa banda kwa wavu ili waonane kwanza bila kugusana. Kisha ikaja Jumamosi ya kuwazungusha.

Kwetu kuku mgeni haachiwi hivihivi. Unamfunga kamba mguuni karibu na jiko, ale hapo na alale hapo mpaka azoee. Kisha unambeba, unamzungusha kwenye mafiga, unamgusisha miguu kwenye jivu, unamwambia kwamba kwake ni hapa. Ndipo unaikata kamba. Kuku aliyefanyiwa hivyo jioni atarudi, umwachie popote. Na waliopitia jivu moja hawagombani sana. Nimeishi mjini zaidi ya nusu ya umri wangu, ndani napikia gesi, lakini uani nimeweka mafiga matatu ya kuchemshia maharage na makande, na sijawahi kumfungua kuku bila kumpitisha hapo. Ukinicheka, cheka tu.

Mama aliketi karibu na mafiga, mimi nikawa namkabidhi kifaranga mmoja mmoja. Aliwazungusha wote. "Jivu lako ni hili," alimwambia kila mmoja kwa Kihehe, kwa sauti ileile, bila kuchoka, na vidole vyao vilitoka kwenye jivu vimekuwa vyeupe. Nikamwuliza mbona wale watatu wake hakuwahi kuwazungusha, mbona mpaka leo kamba zao ziko mguuni.

"Wale hawana haja," akasema.

Nikadhani anamaanisha ni wazee.

Tulipoondoa wavu, nilitegemea kudonolewa kidogo. Kuku wana ukubwa na udogo wao, kila mmoja ana wa kumpisha, na mgeni lazima aonyeshwe nafasi yake. Lakini kishingo hakuonyesha mtu nafasi, alitaka wageni waondoke duniani. Aliwakimbiza kwenye chakula, akawakimbiza kwenye maji, akawasubiri mlangoni mwa banda kama askari wa zamu. Mweusi na wa madoadoa wakafuata mkumbo. Niliweka vyombo vya chakula pembe zote za uwanja, akawa anazunguka anakagua vyote. Niliegemeza mbao ukutani vifaranga wapate pa kujificha, akajifunza kuingia kwa upande wa pili. Nilimfungia peke yake siku kadhaa asahau ukubwa, kama watu wanavyoshauri, akatoka na hasira ya mfungwa. Nilimfokea, nikamtukana na shingo yake isiyo na nguo. Mama alikuwa anatikisa kichwa tu.

Kuku akitoka damu amekwisha, wenzake wote watadonoa palepale. Kwa hiyo kila jioni niliwakagua vifaranga, na penye kidonda nikapaka masizi ya sufuria yaliyochanganywa na mafuta, wekundu usionekane. Kulikuwa na mmoja mweupe ambaye mgongo wake wote ulikuwa mweusi kwa masizi. Huyo aliacha kutoka. Alikaa kwenye kona ya banda ameelekeza mdomo ukutani, na chakula nilichompelekea alikiangalia bila kukigusa. Mama ndiye aliyemkuta amekufa. Alimleta jikoni amemfunika na upindo wa kanga yake, akamweka mezani mbele yangu.

"Kuku wako wanateseka, mwanangu," akasema. "Mimi na hawa wangu tukiondoka watapumzika. Mwambie mdogo wako aje anichukue wiki hii."

Nikasema sawa. Mpango wangu ulikuwa umenigeuka. Vifaranga niliowanunua ili wambakize ndio waliokuwa wanamfungashia virago. Wiki hii! Arudi wapi? Kwenye tope?

Siku ile alipopitiwa na wenzake kwenda jumuiya, nilibaki nimeketi uani naangalia lile kundi. Vifaranga upande mmoja, watatu wale upande mwingine, uwanja umegawanyika ingawa wavu haupo. Nikaziona kamba nyekundu. Nikajiambia, kumbe ndicho kinachokosekana. Hawa wadogo wamepita kwenye jivu la hapa, wakubwa hawajapita. Wanakula hapa na kulala hapa lakini hawajaambiwa kwamba ni kwao, watapatanaje? Nilifikiri kama mtoto wa mama yangu anavyofikiri. Mtu mwingine angewaza ukubwa wa banda au vitamini.

Nikachukua mkasi wangu wa kazi. Nilianza na mweusi, nikamzungusha, nikamgusisha jivu, nikakata kamba yake. Nikaja kwa wa madoadoa. Kishingo alinisumbua, akanichana mkono, lakini nilimbana kwapani. Kwa kuwa mbawa zake zilikuwa hazitulii, yeye nilimkata kamba kwanza ndipo nikaanza kumzungusha. Nilikuwa nimelipita figa la pili, namwambia jivu lako ni hili, nilipohisi kuna mtu.

Mama alikuwa amesimama getini na kitabu chake cha sala. Siku hiyo walimaliza mapema. Aliangalia kuku kwapani mwangu. Aliangalia kamba mbili zilizokuwa chini, na ya tatu iliyokuwa mkononi mwangu pamoja na mkasi. Nikasema, "Wanapigana, mama, nikaona niwa..." na sikuimalizia, kwa sababu uso wake ulikuwa unabadilika na nilianza kuelewa nilichokifanya.

Humzungushi kuku ambaye kesho anarudi kwao. Humwambii kwamba jivu lake ni hili kama lipo jingine linalomngoja. Ndiyo maana hakuwagusa wake muda wote ule, na ndiyo maana kamba ziliendelea kuwa mguuni. Wale hawakuwa na haja kwa sababu walikuwa na kwao.

"Nyumba imeanguka," akasema mama. Hakuuliza.

Ningeweza kukana. Nilikuwa nimekana kwa miezi.

"Ndiyo, mama."

"Na jiko?"

"Na jiko."

"Lini?"

"Masika."

"Na mdogo wako anajua."

"Anajua."

Alikuja polepole, akainama, akaokota zile kamba mbili. Akaninyooshea kiganja, nikampa ya tatu. Akazifunga kwenye pindo la kanga, mahali anapoweka sadaka.

"Mmalizie huyo," akasema. "Usimwache katikati."

Akasimama akingoja. Nikamzungusha kishingo kwenye figa la tatu huku mama ananiangalia, nikamgusisha jivu, nikasema yale maneno mara nyingine kwa kuwa sikujua nifanye nini tena. Nilipomwachia akajikung'uta na kukimbilia majini. Mama akaingia ndani. Nililia pale kwenye mafiga kama mtoto aliyevunja chungu, na hakutoka kuniuliza ninalia nini.

Asubuhi iliyofuata sikusikia mlango wa nyuma. Chai ikachemka, jua likatoka, kuku wakapiga kelele bandani. Nikaenda chumbani kwake nikamkuta macho, ameangalia dari. Nikamwambia mama, kuku wanalia.

"Kuku wako hao," akasema.

Alisema hivyo kwa wote, hata wale watatu. Nikaenda kuwafungulia mwenyewe, na tangu siku hiyo ni kazi yangu.

Mdogo wangu alikuja mwisho wa wiki, amepitia Chimala na kununua mchele mzuri ule anaoupenda mama. Alipiga magoti kando ya kitanda akaomba msamaha, mtu mzima na ndevu zake. Mama akamwitikia salamu, akauliza kama kichanga anaota meno, akasema mchele unanukia vizuri. Mdogo wangu akamwahidi kwamba tutajenga tena, hata chumba kimoja, cha matofali ya kuchoma, na jiko zuri.

"Mjenge," akasema mama, akageukia ukutani. Kule kukubali kwake kuliniumiza kuliko kama angetulaani. Sote watatu tulijua kwamba kitu kilichokuwa kinamngoja kule kilikuwa kimekwisha kufukiwa, na kwamba chumba cha matofali ya kuchoma kingekuwa nyumba ya watu wengine. Mdogo wangu aliondoka bila kumaliza chakula chake.

Na kuku? Wakapatana. Hiyo ndiyo sehemu nisiyoweza kuisamehe. Siku chache za kudonoana kwa uvivu, kisha ikaisha. Sasa kishingo analala katikati ya wale vifaranga, ambao wamekuwa wakubwa kumzidi, mmoja ameanza kujifunza kuwika na anawika vibaya. Asubuhi wanatoka pamoja, wanakula chombo kimoja. Jirani yangu anasema ilikuwa ni suala la muda, kuku huzoeana tu. Huenda ni kweli. Nikiwaangalia natamani wangeendelea kupigana.

Namletea mama habari zao kitandani. Nimemwambia wa madoadoa ametaga, nimemwambia mwewe alikuja na kishingo akawaficha wadogo chini ya mbao. Ananisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesimuliwa habari za ukoo asioufahamu. Akina mama wa jumuiya sasa wanakuja kusalia chumbani kwake. Chakula anakula kidogo. Daktari alimpima, akasema kwa umri wake yuko sawa, ajitahidi kutembea. Nikimshika mkono kumtoa uani anafika mlango wa nyuma, anaangalia mafiga, anasema amechoka, tunarudi.

Kwa kuwa hatembei, miguu imeanza kuvimba. Juzi nilichemsha maji, nikayaweka kwenye beseni, nikaketi chini kwenye mkeka nimwoshe. Nikamvua soksi ya kulia ya sufu. Nikamvua ya kushoto. Juu ya kifundo kulikuwa na kamba nyekundu. Alikuwa amezisuka zile tatu zikawa moja, na fundo lilikuwa lilelile analowafungia kuku, la kulala, lisilofunguka hata ukivuta.

Mkasi ulikuwa mfukoni mwa aproni yangu, fundi hauachi. Sijui kama mkono wangu ulikwenda huko au ni mawazo tu. Mama aliuvuta mguu kidogo, akauficha nyuma ya mwingine, ndani ya beseni.

Nikaosha. Maji yalipoanza kupoa nikamtoa miguu nikaipangusa kwa taulo, nikaikausha ile kamba pia, taratibu, pande zote. Nikamrudishia soksi zake.